Kiwanja Hakiuzwi! Batoto Batakomea Wapi?



Tulikaa majuma mengi bila kuandika juu ya jambo hili. Wengine kati yetu walisema: "Mambo ya mupira! Maji hakuna, barabara mbaya, usiku wezi wanavunja milango, na nyinyi mutaandika juu ya mupira?" Tulibishana mkutano mzima, hata sauti zikapanda. Mwishoni tuliamua kuandika. Soma kwanza, kisha utuambie kama tumekosea.

Kuna kiwanja hapa kwetu ambacho hakuna karatasi inayosema ni kiwanja. Bazee waliofika wakati Kasungami ilikuwa bado pori na mashamba ya mahindi walikiacha wazi, na kila aliyekuja nyuma yao alikikuta wazi akaheshimu. Upande mmoja kuna kichuguu kikubwa, vile virefu vya Katanga ambavyo watu wanachimba kufyatulia matofali. Hiki hakuna aliyekichimba, kwa sababu ndiyo tribini yetu. Magoli ni miti iliyokatwa porini. Mistari inachorwa kwa majivu ya makala. Kuanzia saa tisa, jua likianza kupungua, watoto wako pale: wadogo upande wa kichuguu na mupira wa masashe uliofungwa kamba, wakubwa katikati na mupira wa kweli kama uko na upepo, wasichana pembeni wanacheza nzango. Jumapili, nyuma ya misa na ibada, kartie nzima inahamia pale.

Mwezi wa nane, wakati wa vumbi, watoto walifika wakakuta vijiti vimepigwa chini na kamba zimevutwa toka goli moja mpaka lingine. Walihesabu malupango. Kumi na moja. Kumi na moja, sawa timu! Mtoto mmoja wa miaka tisa alimwendea mwanaume aliyekuwa anashika kamba, akamuuliza: "Papa, na siye tutacheza wapi?" Yule bwana hakuwa mkali. Alisema tu: "Mutacheza mu barabara." Kisha akaendelea kupima.

Barabara gani? Ile ambayo vigari vya makala, pikipiki na mabasi ya taxi vinapita vikikwepa mashimo mpaka vinaingia kwenye milango ya watu? Tunamjua mtoto aliyevunjika mguu mu barabara akifuata mupira. Kila kartie ya Lubumbashi inamjua wake.

Tulienda kuuliza. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikasema jambo hili ni la ya kwanza, na ya tatu ilitaka franga ya kufungua dosie kabla ya kutuambia kama dosie iko. Hatutaji ofisi wala jina la mtu hapa. Karatasi zote hazijafika mkononi mwetu, na siye hatusemi kitu tusichoweza kuonyesha. Lakini sheria za nchi ziko wazi, kila mtu anaweza kuzisoma. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na kwamba udongo wa matumizi ya wote hauwezi kupewa mtu kabla haujaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Basi tunauliza: nani aliuondoa? Tarehe gani? Alisaini wapi?

Watatujibu kwamba kiwanja chetu hakikuandikwa popote. Kweli. Na kazi ya kukiandika ilikuwa ya nani? Ya mtoto wa miaka tisa? Mlinzi aliyelala zamu hawezi kuamka asubuhi akasema nyumba haikuwa na mlinzi, kwa hiyo iuzwe.

Katiba ya mwaka 2006, artikulo ya 42, inawapa wakubwa wa Serikali wajibu wa kulinda vijana: afya yao, masomo yao, makuzi yao yote. Kuna sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 juu ya michezo. Kuna Mapatano ya Haki za Mtoto ambayo nchi hii, ikiitwa bado Zaïre, iliyakubali mwaka 1990, na artikulo yake ya 31 inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Ni haki. Si zawadi ya mtu mwenye roho nzuri. Hayo ya sheria tumeyaweka mwanzoni ili tuyamalize, kwa sababu hoja yetu kubwa haiko pale. Hoja yetu iko katika kaye moja.

Kaye hiyo ni ya kochi. Ni papa mmoja ambaye alitoka Gécamines mwaka 2003, pamoja na wale zaidi ya 10,000 walioondoka "kwa hiari", neno ambalo wazazi wetu wanalitaja wakicheka bila furaha. Toka wakati ule anafundisha watoto kwenye kiwanja kile, bila mshahara, bila karatasi ya mtu yeyote. Ana filimbi moja na kaye, ile ya masomo ya kurasa nyingi, imefunikwa plastiki juu ya vumbi. Ndani ameandika kila mtoto: jina, mwaka aliozaliwa, darasa lake, jina la mama au la yule anayemlea, na mistari midogo kuonyesha nani alifika na nani hakufika. Mtoto asipoonekana siku mbili, anatuma mwenzake kumtafuta. Siku ya tatu anaenda mwenyewe.

Kwa njia hiyo alimkuta kijana mdogo analala chini na malaria, mama yake anatafuta franga ya hospitali tangu juzi. Kwa njia hiyo alijua kwamba msichana mmoja, hodari sana kwa kukimbia, alikuwa anatayarishwa kupelekwa kwa ndugu mmoja wa familia ku Kasumbalesa kwenda kuuza vitu mpakani, na masomo yangeishia pale. Alikaa na baba yake jioni nzima. Msichana yuko darasani leo. Na kwa njia hiyo alimkosa mwingine: mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi, akalala mjini na bashege, na kochi akamzunguka wiki mbili bila kumpata. Artikulo ya 41 ya Katiba inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Artikulo haikutoka usiku kwenda kumtafuta. Papa wa miaka zaidi ya sitini alitoka, na tochi ya simu.

Sasa tuambieni: nani mwingine katika Kasungami anajua, kila siku, mtoto gani hakuonekana? Mwalimu? Tangu shule ya msingi ya Serikali iwe bure mwaka 2019, jambo ambalo tunalishukuru, madarasa yamejaa mpaka mwalimu hawezi kujua majina yote kabla mwaka haujaisha. Serikali? Nchi hii haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Wanatuhesabu wakati wa kura, na wanahesabu tu wale wenye miaka kumi na nane. Chini ya pale, kule kwetu, hesabu iko katika kaye ile iliyofunikwa plastiki. Ukiuza kiwanja, mtoto anapoteza mupira, na pia anapoteza fasi pekee ambapo mtu mzima asiye ndugu yake anauliza: huyu leo yuko wapi?

Ndiyo maana tunachoka na maneno ya "kutafuta talanta". Kila mkubwa anayekuja kupiga picha na watoto anasema: "Hapa tutapata Mputu mwingine, tutapata Kidiaba mwingine." Siye pia tunawapenda. Tulikuwa wadogo Desemba ya 2010, tulipoona TP Mazembe inaifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 ku Abu Dhabi na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, na Kidiaba anaruka juu ya matako katika uwanja mzima. Kesho yake Kasungami yote iliruka juu ya matako, na mama zetu walifua kaptula zile kwa hasira. Lakini kati ya watoto wote wa kaye ya kochi kwa miaka hii yote, ni wangapi wameingia timu kubwa? Tulimuuliza. Alicheka. Alisema: "Muniulize ni wangapi walimaliza masomo. Ile ninaweza kuwaambia."

Mazembe yenyewe haikuanza kwa kutafuta kombe. Ilianza mwaka 1939, wakati mji unaitwa bado Élisabethville, ku Institut Saint-Boniface. Watawa wa Benedikto walikuwa na wanafunzi ambao hawakutaka kuwa mapadri, wakatafuta namna ya kuwashughulisha vizuri nje ya darasa, wakaanzisha timu, wakaiita Saint-Georges. Ni hivyo tu. Vijana wa shule na mupira. Mwaka 1967 timu ile, ikiwa na jina lingine, ilikuwa bingwa wa Afrika, na 1968 tena. Wale waliochukua 2009, 2010 na 2015 walikuta njia iko. Kama mwaka 1939 mtu angepiga vijiti katika uwanja ule na kugawa malupango, leo Kamalondo ingekuwa na nini? Mabinti wa Mazembe pia, waliochukua kombe la vilabu vya wanawake vya Afrika mwaka 2024 ku Maroko, kila mmoja alianza fasi fulani, mu vumbi fulani, na mtu fulani aliyekubali kwamba msichana apige mupira.

Na tuseme neno lingine ambalo halitatufurahisha. Mkoloni hakutupenda. Union Minière na kampuni ya reli walitaka mfanyakazi mwenye nguvu, asiyelewa na asiyefikiri siasa, na michezo ilikuwa chombo chao kwa kazi hiyo. Hatuna kiu ya wakati ule. Lakini hata yeye, kwa hesabu zake mbaya, alipochora kambi ya wafanyakazi alichora masomo, dispanseri, na kiwanja. Leo tunajitawala, na katika kartie zinazozaliwa pembeni mwa mji, malupango yanapimwa mpaka ukingo wa kijito, na hakuna hata mita moja iliyoachwa kwa mtoto. Masomo mengi ya kibinafsi yako ndani ya lupango moja la nyumba: watoto wanatoka kupumzika wamesimama bega kwa bega, kama ndani ya basi. Nani kati ya mkoloni na wakubwa wetu alipaswa kumpenda mtoto wa Kasungami zaidi?

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji kusogeza mwili kwa nguvu angalau dakika 60 kila siku, kwa wastani. Si kwa sababu ya kombe. Ni kwa mifupa, moyo, usingizi, na pia kichwa chenyewe, kwa sababu mtoto aliyekimbia anakaa darasani vizuri kuliko aliyefungiwa. Shirika hilo hilo lilihesabu kwamba duniani vijana wanne kati ya watano wenye miaka 11 mpaka 17 hawafiki pale. Ulaya wanatafuta namna ya kuwatoa watoto mbele ya skrini. Siye hatukuwa na shida ile! Watoto wetu wanajitoa wenyewe, wanatengeneza mupira wenyewe, wanachora mistari wenyewe. Kitu kimoja tu walichoomba ni bulongo tambarare, na ndicho tunachowanyang'anya.

Kuna bazazi wanaosoma hapa na kusema: mtoto wangu asipoteze wakati, ashike kaye yake. Mama, papa, tunawaheshimu, na tunajua munalipa masomo kwa kukosa kula. Lakini angalieni vizuri mnachokiita kupoteza wakati. Kiwanjani mtoto anajifunza kushindwa mbele ya watu wote na kurudi kesho. Anajifunza kwamba refa amekosea na mchezo unaendelea. Anajifunza kumpa mwenzake mupira hata kama wamegombana asubuhi. Katika nchi yetu, ni wakubwa wangapi wanaojua kushindwa? Ni wangapi wanaojua kumpa mwenzao mupira? Labda nao viwanja vyao viliuzwa mapema.

Kiwanjani tena hawaulizi kabila. Wakigawa timu wanatazama nani anakimbia na nani anaogopa mupira. Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga, Mbemba, Msanga, Mlunda, wote wanachaguliwa mmoja mmoja kwa kupokezana, na asiyechaguliwa analia kwa sababu hajui kupiga, si kwa sababu ya jina la babu yake. Jambo hili si dogo Lubumbashi. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwatumia vijana wa mkoa huu kufukuza familia za Kasai. Watu waliowapakia jirani zao kwenye gari-moshi walikuwa na umri wetu. Hatusemi mupira ungezuia ile. Hatudanganyani: siku ya Mazembe na Lupopo tumeona mawe, na siye wengine tulikuwa pale, tunaona haya. Mupira peke yake hauponyi mtu. Lakini mtoto aliyecheza miaka saba na mwenzake, ukija siku moja kumwambia "huyu ni adui yako", utafanya kazi kubwa zaidi kumshawishi. Tunataka ile kazi iwe kubwa.

Sasa tuje kwa franga, kwa sababu watasema hakuna franga.

Mwaka 2025 Serikali ya nchi yetu ilisaini mkataba wa miaka minne na FC Barcelona. Magazeti yaliandika zaidi ya euro milioni 40. Jina la Kongo linaandikwa mgongoni mwa nguo za mazoezi za wachezaji wa Barça. Mwaka ule ule kulikuwa na mikataba na AC Milan na AS Monaco. Walitueleza kwamba ni kuonyesha uzuri wa nchi, na kwamba katika mkataba wa Barça kuna pia mafunzo ya michezo kwa watoto wa Kongo. Vizuri. Tunangojea mafunzo hayo yafike Kasungami, na yakifika yatakuta malupango kumi na moja. Siye tunapenda Barça, wengine wetu mpaka kugombana. Lakini nchi ambayo inaweza kulipa mgongo wa mchezaji wa Hispania inaweza kulipa mtu mmoja wa kupima kiwanja cha mtoto na kuweka alama za saruji pembeni. Hatukuomba euro milioni. Tuliomba karatasi.

Na angalieni franga zinaenda wapi mtoto akiharibika. Tunajua wote mambo ya kuluna. Kijana akishika panga, Serikali inapata haraka gari, mafuta, askari, na safari ndefu ya kumpeleka Kaniama-Kasese, au Angenga kule mbali. Hatuwatetei wanaokata watu. Mama zetu ndio wanaokatwa. Tunauliza tu juu ya tarehe. Mtoto akiwa na miaka tisa na anauliza "tutacheza wapi?", hakuna ofisi. Akiwa na miaka kumi na tisa, ofisi zote zinamjua. Wasalesiani wako katika mji huu tangu mwaka 1911, wanapokea watoto wa barabarani ku Bakanja, na uwanja wa kucheza kwao ni sehemu ya malezi. Hawakuanza na pingu.

Tuseme pia juu ya wasichana, kwa sababu tulipohesabu katika kaye ya kochi tuliona aibu. Wavulana kurasa nyingi, wasichana kurasa mbili. Sababu si kwamba hawapendi. Saa tisa msichana yuko kwenye kisima na bidoni ya litre ishirini, saa kumi anawasha mbabula, saa kumi na moja anabeba mtoto wa dada yake. Kaka yake aliye kiwanjani atarudi kula bukari ambayo dada alisonga. Hapo hatuwezi kulaumu ofisi yoyote. Ni kwetu, ndani ya nyumba zetu. Wewe unayesoma, kama una dada mdogo, beba bidoni ile mara mbili kwa wiki, naye aende acheze. Ukiona haya kuonekana na bidoni kichwani, basi usituandikie kwamba unataka mabadiliko.

Na tuendelee kujisema. Jumamosi vijana wa kartie tunajaa mbele ya televisheni ya duka, tikiti ya pari mkononi, tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa Uingereza. Mita mia mbili kutoka pale watoto wanacheza bila refa. Wakati wa kampanye tulipokea majezi yenye sura ya mtu kifuani, tukashangilia, hatukumuuliza hata mmoja wao kuhusu kiwanja. Kuna pia makochi, si wetu huyu, wanaopiga watoto fimbo, na wengine wanaoomba franga kwa mzazi ili mtoto "apelekwe Ulaya". Mtu kama huyo tusimwite kochi. Tukimjua, tumseme kwa bazazi na kwa wakubwa wa kartie, hata kama ni rafiki yetu.

Kitu kigumu kuliko vyote kilikuja juma lililopita. Mmoja wa wale walionunua alitutafuta. Si tajiri. Ni papa wa watoto wanne, anapanga nyumba miaka mingi, aliuza pikipiki yake iliyokuwa inamlisha ili alipe lupango. Alikuja na karatasi yake ndani ya bahasha, ina muhuri, na alikuwa anatetemeka. Alisema: "Bandugu, mimi pia niko na batoto. Niliuliza, baliniambia aiko ya mutu." Wengine wetu walikuwa wameamua kwenda usiku kung'oa vijiti na kuchoma kamba. Tulipomwona, tulinyamaza. Huyu papa ameibiwa sawa na watoto. Aliyeuza amekula mara mbili, sasa anangojea tupigane chini, maskini na maskini, ili yeye asiulizwe kitu.

Kwa hiyo tunasema hivi, na tunasema kwa sauti. Hakuna mtu wa kwetu atakayegusa mnunuzi, nyumba yake wala vijiti vyake. Aliyechukua franga azirudishe, zote, na kama amezikula, ofisi iliyopiga muhuri imtafutie papa yule na wenzake fasi nyingine. Meya wa mji na komini watoe mbele ya watu karatasi iliyoruhusu kugawa kiwanja kile. Kama iko tuione, kama haiko waseme haiko. Kiwanja kiandikwe rasmi kuwa cha wote, na kisha vingine vyote vya Kasungami ambavyo bado viko wazi, kabla ya kamba kufika. Masomo na makanisa yenye uwanja mkubwa uliofungwa kwa ukuta wafungue mlango mchana kwa watoto wa jirani, hata siku mbili kwa juma. Barua yetu iko tayari, imeandikwa kwa Kifaransa kama wanavyopenda, na tutaipeleka kwa miguu, mchana, tukiwa na bazazi wanaokubali kusaini. Tutaipeleka mara ya pili na ya tatu. Tunajua ofisi zile zinavyosahau.

Jumamosi hii, saa nane, tunakutana kwenye kichuguu. Hakuna hotuba. Tutachimba mashimo ya miti kuzunguka kiwanja chote, mita tano tano, ili mpaka uonekane hata kwa asiyejua kusoma. Miche ya maembe na avoka tunayo, mama wawili wa kartie wameitoa, wataitunza nyumbani mpaka mvua ya kwanza. Kochi atakuja na kaye yake, na kila mzazi ambaye mtoto wake hajaandikwa anaweza kumleta; bure, na wasichana wataandikwa kwanza. Usije na jiwe, usije na pombe, usije na jezi ya mwanasiasa. Njoo na maji ya kunywa. Bulongo ni kavu sana mwezi huu, jembe peke yake halitaingia, kwa hiyo aliye na piki alete piki.